Tiketi tatu, safari moja: namna ya kudai fidia treni ikichelewa Uingereza

"Nilikuwa na tiketi tatu za safari moja. Treni ya kwanza ikachelewa, nikakosa ya pili, nikafika saa nzima baadaye. Nidai kwa tiketi ipi?" Swali hili linarudi kila mara kwa Waswahili wanaoishi Uingereza. Jibu ni zote tatu, kwa pamoja, na kipimo ni dakika ulizochelewa kufika mwisho wa safari yako.

Wengi hudai kwa tiketi ya treni iliyochelewa tu. Wanalipwa pauni moja na kitu, wanaona si mali kitu, na safari nyingine hawadai tena. Pesa hiyo ni haki yao, na inaweza kuwa nauli nzima. Mwongozo huu unahusu treni za England, Scotland na Wales, kwa anayesafiri kwa tiketi za vipande: unanunua tiketi mbili au zaidi zinazofuatana badala ya moja ndefu, kwa sababu jumla yake ni nafuu. Mfano wa miaka mingi ni London Paddington kwenda Bristol, tiketi moja ikiishia Didcot Parkway na nyingine ikianzia hapo hapo. Abiria habanduki kwenye kiti, ila ana tiketi mbili. Ni halali kabisa.

Kwa wanaoogopa kudai kwa sababu ya viza: fidia hii ni haki ya mnunuzi aliyelipia huduma, hailipwi kama posho ya serikali. Haiingii kwenye orodha ya misaada ya umma inayokatazwa na viza, na hakuna fomu inayouliza uraia wako.

Kanuni mbili za kujua, basi

Ya kwanza ni kipengele cha 14 cha Masharti ya Kitaifa ya Usafiri wa Reli. Kinaruhusu kutumia tiketi kadhaa kwa safari moja, mradi treni unayopanda isimame kwenye kituo ambacho tiketi moja inaishia na nyingine inaanzia. Hapa tutakiita kituo cha kupokezana. Ukiwa na tiketi ya msimu (ya wiki, mwezi au mwaka) au ya kanda (ya eneo zima) pamoja na tiketi ya kawaida, na zote mbili zinakutana kwenye kituo hicho, treni si lazima isimame hapo.

Ya pili ni mpango wa fidia uitwao Delay Repay, ambao kampuni nyingi za treni zinautumia. Viwango vyake vya kawaida ni hivi:

- dakika 15 hadi 29: asilimia 25 ya nauli ya kwenda
- dakika 30 hadi 59: asilimia 50 ya nauli ya kwenda
- dakika 60 hadi 119: nauli yote ya kwenda
- dakika 120 na zaidi: bei yote ya tiketi, hata kama ni ya kwenda na kurudi

Si kila kampuni inaanzia dakika 15. Nyingine zinaanzia 30. Kampuni huru, yaani zisizoendesha treni kwa mkataba wa serikali, kama Hull Trains, Grand Central na Lumo zina taratibu zao, kwa hiyo soma ukurasa wa fidia wa kampuni husika kabla ya kuhesabu. Chini ya Delay Repay sababu haijalishi: mvua, taa za reli, upungufu wa madereva, unalipwa vilevile.

Uwe na nini mkononi

- Picha au PDF ya kila tiketi, ikionyesha tarehe, vituo, bei na msimbo wa mraba au namba ya tiketi
- Ratiba ya safari nzima, kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho
- Barua pepe ya uthibitisho wa malipo, au risiti
- Saa uliyopangiwa kufika na saa uliyofika kweli
- Kadi ya punguzo, kama uliitumia kununua
- Namba za akaunti yako ya benki

Usikae sana. Una siku 28 tangu siku uliyochelewa.

Hatua ya 1: Hakikisha vipande vinashikana, kabla ya kusafiri

Angalia kila kituo cha kupokezana. Treni yako inasimama hapo? Treni mbili za njia moja zinaweza kutofautiana, moja ikasimama na nyingine ikapita. Ukipanda isiyosimama, tiketi zako hazifai kwa treni hiyo. England faini ya kusafiri bila tiketi halali ni pauni 100, inapungua hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21, na nauli juu yake. Dai lako la fidia nalo linaanguka.

Ukibadilisha treni, angalia pia muda wa kuunganisha. Kila kituo kina kiwango cha chini. Vituo vingi ni dakika 5, lakini Birmingham New Street ni dakika 12, kwa sababu ni kikubwa na majukwaa yake yapo chini. Ukijipangia dakika 7 pale na ukakosa treni ya pili, kampuni itasema ulijipangia mwenyewe kukosa, na haitakuwa imekuonea.

Hatua ya 2: Tunza ratiba ya safari nzima

Hatua hii ndiyo inayookoa madai mengi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ukinunua kwenye tovuti inayogawanya tiketi yenyewe, utapata barua pepe yenye safari yote na namba moja ya oda. Ihifadhi. Lakini ukinunua kila kipande peke yake, labda leo kimoja na kesho kingine, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba ilikuwa safari moja. Itengeneze mwenyewe: fungua kipanga safari cha National Rail (tovuti ya reli za nchi nzima), weka kituo cha kwanza na cha mwisho, tafuta treni zilezile utakazopanda, kisha piga picha ya skrini. Fanya hivyo kabla ya siku ya safari. Picha iliyopigwa baada ya tatizo haina nguvu sawa.

Ukiona kipanga safari hakikubali kukuunganishia treni hizo mbili, jua muda wa kuunganisha hautoshi. Badilisha mpango.

Hatua ya 3: Treni ikianza kuchelewa, sema na mfanyakazi

Tiketi ya Advance inakufunga kwenye treni moja. Hofu ya wengi ni kwamba wakiikosa, tiketi imekufa. Ikiwa uliikosa kwa sababu treni ya kabla yake ilichelewa, na muda wa kuunganisha ulikuwa wa halali, unaruhusiwa kupanda treni inayofuata ya kampuni hiyohiyo bila kulipa tena. Tiketi kuwa mbili tofauti hakuondoi haki hiyo.

Mtafute mfanyakazi wa kituo au mkaguzi, mwonyeshe tiketi zote pamoja na ratiba, umwombe akuidhinishie. Tiketi ya karatasi anaweza kuiandika au kuigonga muhuri. Kama tiketi iko kwenye simu, andika saa, jina la kituo na alichokuambia. Usinunue tiketi mpya kwa haraka. Ukishanunua, kurudishiwa pesa hiyo ni kazi nyingine, ngumu kuliko fidia yenyewe.

Angalizo moja: ukielekezwa kwenye treni isiyosimama kwenye kituo chako cha kupokezana, pata idhini ya mfanyakazi kwanza. Ila kama ulipanda treni sahihi, nayo ikaamua njiani kuruka kituo ili ifidie muda, huna kosa. Ratiba uliyohifadhi ndiyo ushahidi wako.

Hatua ya 4: Piga picha tiketi za karatasi kabla ya geti

Geti la mwisho humeza tiketi ya rangi ya machungwa. Ukiwa na vipande vitatu, utatoka stesheni una viwili, na kilichobaki ndani ya mashine ndicho kinachoonyesha ulikokuwa unakwenda. Zipange zote kwenye meza ya treni, upige picha moja yenye mwanga mzuri, namba ndogo za chini zisomeke. Umesahau na sasa uko mbele ya geti? Mwombe mhudumu akupitishe pembeni ubaki na tiketi kwa ajili ya dai la fidia. Kwa kawaida hukubali.

Hatua ya 5: Hesabu dakika zako, si za treni

Chukua saa uliyopangiwa kufika kituo cha mwisho, ulinganishe na saa uliyofika. Tofauti hiyo ndiyo ucheleweshaji wako. Treni ya kwanza inaweza kuchelewa dakika 6 tu, ukakosa ya pili, ukafika dakika 60 nyuma. Wewe umechelewa 60.

Tovuti ya Realtime Trains inaonyesha saa iliyopangwa na saa halisi kwa kila kituo. Fungua ukurasa wa kila treni uliyopanda, piga picha ya skrini.

Kumbuka kwamba kipimo kwa kawaida ni ratiba ya siku hiyo. Kama kampuni ilitangaza ratiba mpya kabla ya saa nne usiku wa kuamkia safari, wanaweza kupima kwa hiyo mpya. Jioni kabla ya safari pita tena kwenye kipanga safari uone kama kuna kilichobadilika.

Na hapa kuna mtego wetu sisi Waswahili. Fomu zinataka saa kama zilivyo kwenye ratiba: 09:42, si saa tatu na dakika arobaini na mbili. Unapomjazia mama au shangazi fomu kwa simu, naye akakwambia "treni iliondoka saa tatu", usiandike 03:00. Mfumo hautaikuta treni hiyo, na dai litakataliwa bila mtu kulisoma. Saa tatu asubuhi ni 09:00, saa tatu usiku ni 21:00.

Hatua ya 6: Jua kampuni ya kudai

Dai kwa kampuni iliyosababisha uchelewe. Aliyekuuzia tiketi hahusiki na fidia, hata kama pesa ilipita kwake. Na si lazima iwe kampuni ya treni uliyofika nayo.

- Treni ya kwanza ilichelewa, ukakosa ya pili: dai kampuni ya treni ya kwanza, kwa safari nzima.
- Treni ya kwanza ilichelewa kidogo lakini ukaiwahi ya pili, halafu ya pili ikakwama njiani: dai kampuni ya treni ya pili, kwa safari nzima.
- Treni zote ni za kampuni moja: dai moja tu.

Viwango vinavyotumika ni vya kampuni unayoidai. Kama yenyewe inaanzia dakika 30, dakika 20 haikulipi, hata kama nyingine kwenye safari yako inaanzia 15.

Hatua ya 7: Hesabu pesa

Tuchukue mfano wa kubuni. Bi harusi yuko Bristol, wewe unatoka Coventry. Umenunua vipande vitatu:

Coventry – Birmingham New Street: £5.40
Birmingham New Street – Cheltenham Spa: £14.60
Cheltenham Spa – Bristol Temple Meads: £8.00
Jumla: £28.00

Ratiba inasema ufike Birmingham 09:24, upande treni ya 09:42 ya kampuni ya CrossCountry, ufike Bristol 11:08. Una dakika 18 za kuunganisha, zaidi ya 12 zinazotakiwa. Treni ya kwanza inachelewa dakika 16, unafika 09:40. Hadi upandishe ngazi na kushuka jukwaa jingine, ya 09:42 imeondoka. Treni yako inayofuata ni ya 10:42, unafika Bristol 12:10. Umechelewa dakika 62.

Dai sahihi ni asilimia 100 ya £28.00, yaani £28.00, kutoka kampuni ya treni ya Coventry. Ukidai kipande cha kwanza peke yake kwa dakika 16, utapata asilimia 25 ya £5.40, ambayo ni £1.35. Na kama kampuni hiyo inaanzia dakika 30, hutapata hata senti.

Tiketi ya kwenda na kurudi huhesabiwa nusu kwa kila upande. Kama kipande cha Coventry kilikuwa cha kwenda na kurudi kwa £7.20, chukua £3.60. Jumla inakuwa £26.20. Ukichelewa dakika 120 au zaidi, chukua £7.20 yote, jumla £29.80.

Tiketi ya msimu hugawanywa. Kwa kampuni nyingi, safari moja ni bei ya tiketi ya wiki gawa kwa 10, ya mwezi gawa kwa 40, ya mwaka gawa kwa 464. Ukipata thamani hiyo, jumlisha na bei ya kipande kingine.

Tumia bei uliyolipa baada ya punguzo la kadi. Ada ya tovuti iliyokuuzia haihesabiwi.

Hatua ya 8: Jaza fomu

Fungua tovuti ya kampuni, tafuta Delay Repay. Fomu hazifanani, na nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye tiketi moja. Mambo haya hayabadiliki popote:

Kituo cha kuanzia andika cha safari nzima (Coventry). Kituo cha mwisho andika cha safari nzima (Bristol Temple Meads). Usiweke vituo vya kipande kimoja. Muda wa kuchelewa ni ule wa kufika mwisho.

Baada ya hapo inategemea fomu uliyoikuta:

*Fomu inayokubali tiketi zaidi ya moja.* Tafuta kitufe cha kuongeza tiketi, ingiza moja moja na bei yake. Hakikisha jumla inayotokea ni yako.

*Fomu yenye nafasi ya tiketi moja tu.* Kwenye bei weka jumla, £28.00. Kwenye picha weka faili moja lenye tiketi zote. Simu nyingi zinaweza: chagua picha zote, bonyeza chapisha, kisha hifadhi kama PDF. Kwenye namba ya tiketi weka ya kwanza, nyingine ziandike kwenye maelezo.

*Fomu inayosoma msimbo na kujijaza.* Hii ndiyo inayoponza watu. Ukipakia tiketi ya Coventry – Birmingham, inajijaza vituo hivyo na kukupa dakika 16. Ukiona hivyo, rudi nyuma uchague kujaza kwa mkono. Ikikataa kabisa, peleka dai kwa kila tiketi, kila moja ikiwa na dakika 62, na kwenye maelezo uandike "tiketi ya 1 kati ya 3", "ya 2 kati ya 3", na kuendelea.

*Fomu isiyokubali lolote kati ya hayo.* Andika barua pepe kwa huduma kwa wateja ukiambatanisha vyote. Tuma ndani ya zile siku 28, na utunze nakala yenye tarehe.

Sehemu ya maelezo usiiache tupu. Ni sentensi chache, uziandike kwa Kiingereza chepesi, zibebe ujumbe huu: "Nilisafiri kutoka Coventry hadi Bristol Temple Meads kwa tiketi tatu, kama kipengele cha 14 cha Masharti ya Kitaifa ya Usafiri kinavyoruhusu. Treni yenu ya 09:02 kutoka Coventry ilichelewa dakika 16, nikakosa treni ya 09:42. Nilifika Bristol saa 12:10 badala ya 11:08, dakika 62 baadaye. Nadai kwa jumla ya tiketi zote tatu, £28.00. Tiketi na ratiba nimeambatanisha." Inatosha. Malalamiko marefu kuhusu baridi ya jukwaani yanamchosha msomaji, na dakika 62 zinapotea katikati.

Kwenye njia ya malipo, chagua pesa benki. Vocha si lazima kuipokea. Una haki ya kulipwa pesa.

Hatua ya 9: Fuatilia

Andika namba ya dai na tarehe uliyolituma. Kampuni inatakiwa kulishughulikia ndani ya siku 20 za kazi. Malipo yakija, linganisha na hesabu yako kabla ya kufurahi.

Makosa yanayoharibu madai mazuri

Kukatisha safari kwa hiari. Ukishuka Cheltenham ukakaa na rafiki kwa muda wa saa mbili, kisha ukaendelea, umefanya safari mbili. Kila moja inapimwa peke yake.

Kuchanganya fidia na kurudishiwa nauli. Treni ikifutwa au kuchelewa ukaamua kutosafiri kabisa, unachoomba ni kurudishiwa pesa ya tiketi, na unaiomba kwa aliyekuuzia. Fidia ni ya aliyesafiri akachelewa. Kwa tiketi ileile huwezi kuchukua vyote viwili.

Kukubali fidia ya kujiendesha bila kusoma. Baadhi ya kampuni hukutumia ujumbe: umechelewa, bonyeza hapa ulipwe. Mara nyingi mfumo huo unaiona tiketi moja tu, ile uliyonunua kwao. Kabla ya kubonyeza, angalia kiasi.

Kuvuka London kwa kadi ya benki. Ukinunua tiketi hadi stesheni moja ya London, ukapita Underground (treni za chini ya ardhi za London) kwa kugonga kadi, kisha ukaanza tiketi nyingine kutoka stesheni ya pili, mnyororo wa tiketi za reli umekatika katikati, na hapo mabishano huwa makali. Ni salama zaidi kimojawapo cha vipande kiwe kinavuka London, Underground ikiwa ndani ya tiketi hiyo. Tena ucheleweshaji wa Underground wenyewe una utaratibu wake wa TfL, mamlaka ya usafiri ya London.

Kutegemea fidia hii ilipe hasara nyingine. Unaenda Heathrow kuwahi ndege ya Nairobi, treni ikakukosesha: Delay Repay italipa nauli ya treni. Tiketi ya ndege haimo. Kwa safari ya ndege acha saa nyingi mbele, na bima ya safari iwe mkononi.

Kudai mara mbili. Tiketi moja, safari moja, kampuni moja. Kupeleka dai lilelile kwa kampuni mbili ili uone itakayolipa kunaweza kufanya akaunti yako ifungiwe, au ufikishwe mbali zaidi kwa ulaghai.

Ukikwama

*"Tiketi yako inaonyesha ulichelewa dakika 16 tu."* Mtu au mashine imeangalia kipande kimoja. Kata rufaa, usifungue dai jipya. Rudia kwamba ni safari moja kwa tiketi kadhaa, taja kipengele cha 14, ambatanisha tena ratiba ya safari nzima. Majibu mengi hubadilika hapa.

*"Treni yako ilifika kwa wakati."* Wameangalia treni ya 09:42, ambayo wewe hukuwemo. Eleza kwamba uliikosa kwa sababu ya treni iliyotangulia, na uweke picha ya Realtime Trains ya treni hiyo ya kwanza.

*"Dai hili limerudiwa."* Hutokea ukituma kila tiketi kivyake kwa safari na tarehe moja. Jibu kwa kuorodhesha namba za tiketi zote, uonyeshe hazifanani, na uombe yaunganishwe kuwa dai moja.

*"Muda wa kuunganisha haukutosha."* Tafuta kiwango cha chini cha kituo hicho, ulinganishe na ratiba yako. Ukiwa umezidi kiwango, peleka ile picha ya kipanga safari. Ukiwa chini ya kiwango, dai la safari nzima halitasimama. Dai kwa kipande kilichochelewa pekee kama dakika zake zinafika.

*"Si sisi, ni kampuni nyingine."* Waombe wakutajie ni ipi na kwa nini. Peleka dai huko siku hiyohiyo, ukiambatanisha jibu lao na uthibitisho wa tarehe uliyotuma mara ya kwanza, ili siku 28 zisikuponze.

*Wamelipa nusu.* Pokea, kisha kata rufaa kwa kiasi kilichobaki. Onyesha hesabu yako kipande kwa kipande.

*Tiketi ya karatasi imepotea.* Tumia barua pepe ya ununuzi, risiti au taarifa ya benki, pamoja na kipande chochote kilichobaki. Haina nguvu kama tiketi, lakini usiache kujaribu.

*Wamekataa rufaa, au wamekaa kimya.* Fungua malalamiko rasmi kwa huduma kwa wateja wa kampuni hiyo, tofauti na fomu ya fidia. Wakikupa barua ya mwisho ya kukataa, au muda wa kushughulikia malalamiko ukipita, nenda Rail Ombudsman, msuluhishi huru kati ya abiria na kampuni za treni. Huduma yake ni bure kwa abiria, na akiamua upande wako kampuni inalazimika kufuata uamuzi. Kuanzia tarehe ya barua ya mwisho una miezi 12. Mpelekee vitu vilevile ulivyokusanya: tiketi zote, ratiba, picha za Realtime Trains, na mawasiliano yote kwa mpangilio wa tarehe, kuanzia dai la kwanza.